Kuimeza Hasira na Kuitema: Moyo, Neva Zake na Wazee wa Rungwe

Katika lugha yetu moyo umebebeshwa mizigo mingi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Mtu hupiga moyo konde, hutiwa moyo, huvunjika moyo, huwa na moyo mkunjufu au moyo mzito, na akifikwa na jambo asilotaka kulisema hulifunga moyoni. Washairi waliliachia ini sehemu ya mapenzi, na nyongo ikatupa neno kinyongo; lakini hasira, subira na siri tumezipanga katika chumba kimoja, na mwenye chumba ni moyo.

Sisi wa pwani na visiwani tuna namna yetu ya kumsifu mtu aliyeushinda moyo wake. Twasema amemeza. Ametukanwa akameza, amedhulumiwa akameza, amesikia asiyostahiki kuyasikia akafunika kombe mwanaharamu apite. Anayeyanywa machungu yake pasi na jirani kujua ndiye tumwitaye mstahamilivu, na sitara hiyo twaihesabu katika heshima ya nyumba. Huko Tukuyu, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wazee wa Kinyakyusa walikuwa na rai nyingine. Kwao hasira iliyomezwa ndiyo hasa ya kuogopwa. Ilibidi itamkwe mbele ya aliyeisababisha, na baada ya kutamkwa, mwenye nayo alitia maji kinywani akayatema, ikawa imekwisha.

Basi mtulivu ni nani baina ya hawa wawili, aliyeimeza hasira au aliyeitema? Swali hili ni la maadili, na wenye kulijadili aghalabu huanza na vitabu vya maadili. Mimi nitalipitisha njia isiyozoeleka na washairi: nitaifuata mishipa midogo ya fahamu inayoshuka kutoka ubongoni na katika uti wa mgongo hadi kwenye chembe za moyo zianzishazo mapigo. Sikusomea utabibu. Nilicho nacho nimekipata kwa kujisomea, na kwa miaka ya kutafsiri maandishi ya wengine, kazi imlazimishayo mtu kuielewa sentensi kabla hajaivusha ng'ambo. Ila naamini kuwa mishipa hiyo ina jambo la kutuambia juu ya utulivu, na kwamba jambo hilo liko karibu na wazee wa Rungwe kuliko tulivyo nalo sisi.

Tuanze na Rungwe yenyewe. Ni mlima wa karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tukuyu umekaa katika miteremko yake ya kusini. Mvua huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka; migomba hufunika nyumba, na mashamba ya chai hushuka mabondeni. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg, na Wamoraviani walikwisha kujenga misheni yao ya Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1934 alifika huko Mwingereza Godfrey Wilson, mtoto wa John Dover Wilson, yule mhakiki mashuhuri wa Shakespeare. Mwaka uliofuata akaungana naye mkewe Monica, aliyezaliwa Lovedale, Afrika Kusini. Hadi mwaka 1938 walichunguza maisha ya Wanyakyusa, wakisaidiwa na mwenyeji Leonard Mwaisumo, aliyekuwa karani na mkalimani wao. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akabaki na madaftari ya wote wawili, na humo vikatoka vitabu, kikiwamo Good Company cha mwaka 1951 na Rituals of Kinship among the Nyakyusa cha mwaka 1957.

Kijiji cha Wanyakyusa alichokieleza Monica Wilson hakikuwa cha ukoo, bali cha rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja, wakakua pamoja, wakaoa na kuzeeka pamoja. Kilichowafunga kiliitwa ukwangala: raha ya watu kukaa, kula, kunywa na kuzungumza wakiwa sawasawa, kila mmoja akijifunza adabu na busara kwa wenziwe. Jina la kitabu cha kwanza limetokana na neno hilo.

Watu wanaoishi kwa mazungumzo huijua hatari ya mazungumzo yaliyokatika. Monica aliandika kwamba kwa Wanyakyusa hasira ikaayo kimya moyoni mwa mzee wa ukoo ilisadikiwa kuwatia watoto maradhi, na hasira ya wakubwa wa nchi kuitia balaa nchi nzima. Dawa yake ilikuwa kuwakutanisha wahusika, kila upande ukataja kinyongo chake. Haikutosha mmoja aseme na mwingine anyamaze. Kijiji nacho kilikuwa na nguvu yake, iliyoitwa pumzi ya watu. Mtu akiwavunjia heshima wazazi wake au akiwakosea majirani, watu walinung'unika, na manung'uniko yale yalisadikiwa kumshukia mhalifu kama baridi mpaka akaugua.

Simtaki msomaji asadiki kwamba hasira ya mjomba humpa mtoto homa. Ninachotaka akishike ni namna ya kufikiri iliyomo: kwamba amani ya moyo ni kazi inayofanywa, tena haifanywi na moyo peke yake. Tulishike hilo, kisha tuingie kifuani.

Moyo haupigi kwa kuamrishwa. Moyo wa mnyama ukitolewa kifuani na kuwekwa katika maji yenye chumvi na hewa zinazoufaa, utaendelea kupiga kwa muda, ilhali hakuna neva hata moja iliyobaki kuusemesha. Jambo hilo lilijulikana zamani, lakini mahali pigo linapoanzia hapakujulikana hasa hadi kiangazi cha mwaka 1906. Huko Kent, Uingereza, Martin Flack, aliyekuwa bado mwanafunzi wa utabibu, alitazama kwa hadubini moyo wa fuko, akaona juu ya chumba cha juu cha kulia kifundo kidogo cha nyama isiyofanana na nyama iliyokizunguka. Yeye na Arthur Keith walikitangaza mwaka 1907. Kwa binadamu kifundo hicho hukaa pale mshipa mkubwa uletao damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia moyoni, na urefu wake ni baina ya sentimita moja na mbili. Kila pigo la moyo wenye afya huanzia hapo.

Chembe za kifundo hiki hazijui kungoja. Chembe za kawaida za misuli ya moyo hukaa kimya mpaka zisukumwe na jirani. Hizi, zikimaliza pigo moja tu, huanza kupenyeza ndani yao chaji za sodiamu kidogo kidogo. Umeme hupanda, kalisiamu ikafuatia, mpaka kifike kiwango ambacho hakuna kurudi nyuma, na pigo jingine likatoka. Mwaka 1979 Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Susan Noble waliueleza mkondo huo wa mwanzo, na kwa kuwa ulienda kinyume na mikondo iliyozoeleka, watafiti waliuita kwa utani mkondo wa kichekesho. Jina hilo la utani ndilo linalotumika hadi leo katika vitabu vya tiba.

Kwenye kifundo hicho hufika neva za aina mbili. Za kwanza huitwa simpathetiki. Hutoka katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo wa kifuani, hupitia vituo vilivyo kando ya uti, na zikifika moyoni humwaga kemikali iitwayo noradrenalini, chembe zikapanda haraka zaidi. Ya pili ni vagasi, iliyoanzia kwenye shina la ubongo. Hushuka shingoni kulia na kushoto, ikazungukia moyo, mapafu na tumbo, na kwa safari hizo ndipo Kilatini kikaiita mzururaji. Ile ya kulia ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi katika kifundo chetu. Humwaga asetilikolini, chembe zikapunguza mwendo. Tena vagasi ni nyepesi kuliko mwenzake: athari yake huonekana ndani ya pigo moja, ilhali simpathetiki huchukua sekunde kadhaa kabla moyo haujaitika. Aliyetuumba alifanya kizuizi kiwe na kasi kuliko kichocheo, na mtu mwenye hasira angefaa kulikumbuka hilo.

Hapa pana hesabu iliyonigeuza fikra. Madaktari wakimpa kijana mwenye afya dawa za kuziba neva zote mbili kwa wakati mmoja, moyo wake ulioachwa bila mshauri hupiga mara 100 hivi kwa dakika. Lakini kijana huyohuyo akiwa amekaa kitako barazani, hana lake jambo, moyo hupiga 60 au 70. Maana yake ni kwamba katika kila dakika ya utulivu kuna mapigo thelathini na ushei ambayo moyo ungeyapiga na vagasi ikayazuia. Kwa saa moja ya kukaa barazani ni mapigo kama 1,800. Mtu hajui, hasikii, wala hajishukuru.

Sisi tumezoea kudhani kwamba utulivu ndio asili na hasira ndiyo mvamizi. Kwamba mtu akiachwa na mambo yake atakuwa mpole, na akichokozwa ndipo hupandwa. Kifundo cha moyo chasema vingine. Moyo ulioachwa na mambo yake hukimbia. Utulivu ni tendo, hutendwa tena kila pigo, na ukikoma kutendwa huondoka wenyewe pasi na mchokozi yeyote. Basi tumwonapo mtu mtulivu tusiseme kwamba hana kitu ndani yake. Kuna kazi ndani yake ambayo haikukoma.

Pengine msomaji atauliza kama moyo usingekuwa na raha zaidi bila msimamizi huyu. Jibu lake lilipatikana Cape Town. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, binti aliyekuwa amegongwa na gari. Washkansky aliishi siku 18. Tarehe 2 Januari 1968 Barnard akampandikiza Philip Blaiberg, daktari wa meno mstaafu, moyo wa Clive Haupt, na Blaiberg akaishi zaidi ya miezi 19. Sheria za ubaguzi za nchi hiyo zilimweka Haupt katika kundi la machotara na Blaiberg katika kundi la wazungu. Wasingeruhusiwa kuishi mtaa mmoja. Moyo ulivuka mpaka huo na ukapiga. Hospitali hiyo ndiyo ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na katika chuo hichohicho profesa wa anthropolojia wa miaka hiyo, tangu 1952 hadi 1973, alikuwa Monica Wilson, yule aliyekuwa ameandika juu ya hasira katika mioyo ya watu wa Rungwe.

Moyo uliopandikizwa hupiga kwa sababu kifundo chake kimekuja nacho. Lakini neva zimekatwa, na hakuna mshoni wa kuziunga. Kwa hiyo hupiga 90 au 100 hata mwenyewe akiwa amelala. Akiinuka kupanda ngazi, moyo hauna habari. Hungoja mpaka adrenalini iufikie kwa njia ya damu, dakika kadhaa baadaye, ndipo uongeze mwendo, na akikaa huchelewa vilevile kupoa. Hata ukikosa damu, mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu ya kifua, kwani waya wa kupeleka habari haupo. Kwa baadhi ya wagonjwa neva huota tena baada ya miaka, kwa sehemu tu. Moyo huu hauna anayeuzuia wala anayeusukuma, na mtu angeweza kuuita huru. Ila uhuru wake ni wa kiziwi. Kilichokatwa pamoja na kizuizi ni uwezo wa kuitika kwa wakati, na mwenye kifua hicho hulazimika kuupasha moto moyo wake taratibu kabla hajaanza kupanda kilima.

Neva hizi huusemeshaje moyo? Hilo lilijulikana mwaka 1921 mjini Graz, Austria, kwa kazi ya Otto Loewi. Alichukua mioyo miwili ya vyura, mmoja ukiwa na vagasi yake. Aliishtua vagasi kwa umeme, moyo wa kwanza ukapunguza mwendo. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule na kuyatia katika wa pili, ambao haukuguswa na umeme wowote. Wa pili nao ukapunguza mwendo. Kulikuwa na kitu ndani ya maji. Mwaka 1936 Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa namna hii ya neva kusema kwa kemikali. Miaka hiyohiyo akina Wilson walikuwa Rungwe, wakiandika habari za watu walioamini kwamba hali ya moyo mmoja huvuka hewani ikauingia mwingine, na kwamba maji yaliyotoka kinywani yaliweza kuituliza.

Nataka niwe mwangalifu hapa, maana mshairi hupenda sana mambo yanayofanana. Maji ya Loewi yalikuwa na asetilikolini, na maji ya mzee wa Kinyakyusa yalikuwa na maana. Hayo ni mambo mawili. Yajulikana pia kwamba mtu akivuta pumzi moyo huharakisha kidogo, na akiitoa vagasi hurudi kazini na moyo ukapoa. Na atemaye maji hutoa pumzi. Sisemi kwamba wazee walilijua hilo. Nasema tu kwamba desturi yao haikupingana na mwili, ilhali desturi yetu ya kumeza, naogopa, yapingana nao.

Sababu ni hii. Vagasi, ambayo tumekuwa tukiiita kizuizi, kwa sehemu kubwa si kizuizi hata kidogo. Takriban nyuzi nne katika kila tano za neva hiyo hazipeleki amri chini. Hupandisha habari juu, kutoka moyoni, mapafuni na tumboni kwenda kwenye ubongo. Kwa kila neno inalousemesha mwili, husikiliza mengi zaidi. Ni sikio kubwa lenye mdomo mdogo, na utulivu wake hutoka katika kusikiliza huko. Kizuizi kisichopokea habari kingeushika moyo wakati unapotakiwa kukimbia, na kingeuachia wakati unapotakiwa kupoa.

Sasa mtazame aliyemeza. Mtaani kwetu, na msomaji bila shaka ana mfano wake mtaani kwake, mna ndugu wa tumbo moja wanaopeana salamu kamili kila asubuhi, kwa adabu zote, na hawajazungumza kwa miaka kumi. Kisa ni kishamba cha urithi chenye mikarafuu isiyozidi ishirini. Ukiwatazama utasema ni watulivu. Lakini habari hazipandi wala hazishuki. Neva baina yao imekatwa, na kila moyo unapiga kwa kasi yake wenyewe, kama ule uliopandikizwa: mmoja akifikwa na msiba, mwingine huitika amechelewa. Walichonacho ni ukimya, nasi tumeupa jina la subira. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga wetu wenyewe, kabla hatujaanza kuyasifu makovu.

Atakayenijibu kwamba dini imewasifu wenye kuizuia ghadhabu yao atakuwa amesema kweli. Lakini katika sifa hiyo kuizuia ghadhabu kumeandamana na kuwasamehe watu, na msamaha una wawili. Kuizuia hasira ili upate muda wa kusema bila kuumiza, hiyo ndiyo kazi ya vagasi. Kuizuia ili isisemwe kamwe ni jambo jingine. Sisi tumeichukua nusu ya kwanza ya fundisho na kuiacha ya pili, kwa kuwa nusu ya kwanza mtu huweza kuifanya mlango umefungwa.

Wala nisiwapambe wazee wa Rungwe kupita kiasi. Mwaka 1845 ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kwamba vagasi ikishtuliwa kwa nguvu moyo husimama kabisa. Kizuizi kisicho na kiasi huua. Pumzi ya watu nayo ilikuwa na upande huo. Kijiji kilichojua kumrudi mkosaji kwa manung'uniko kilijua pia kumtuhumu asiye na kosa. Aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa mwavi, na tumbo lake ndilo lililoamua kama alikuwa na hatia. Jirani akifanikiwa kuliko wenzake, maziwa yake yakiwa mengi, pumzi hiyohiyo ingeweza kumgeukia. Mtu aweza kuhukumiwa na baraza la watu wanaozungumza vizuri sana.

Lakini moyo una jambo la kutufunza hata hapo. Vagasi ikiushika kwa muda mrefu, moyo haufi mara moja; baada ya kitambo chembe nyingine za chini, zilizo mbali na kifundo, huanza kupiga zenyewe polepole. Matabibu huita hali hiyo kutoroka. Monica Wilson aliona kwamba Wanyakyusa walihamahama sana kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na kwamba tuhuma na misiba ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mtu aliyeona pumzi ya kijiji imemlemea alifunga mzigo wake, akaenda kujenga penye marafiki wengine. Jamii inayomzuia mtu yapasa imwachie njia ya kutoka. Bila njia hiyo, onyo hugeuka kuwa mkono shingoni.

Nimesema habari za ndugu wawili na kishamba chao, lakini visiwa hivi vyenyewe vinaijua hadithi hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Baada ya chaguzi za 1995 na 2000, na damu iliyomwagika Januari 2001, tulitiliana saini miafaka miwili, wa 1999 na wa 2001, na bado watu wakawa hawazikani wala hawanunuliani dukani. Mwezi Novemba 2009 Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikaa chumba kimoja wakazungumza, na Julai 2010 wananchi wakayaridhia kwa kura maridhiano yaliyotokana na mazungumzo hayo. Wengi wetu tunakumbuka namna pumzi ilivyotoka vifuani mwaka ule. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 2015, ukafutwa, na mengi yaliyokuwa yametemwa yakarudi kooni. Nilipolitazama hilo sikuona kwamba maridhiano yalikuwa ya bure. Niliona kwamba tuliyafanya kuwa tukio, lenye tarehe na picha, hali yalikuwa kazi ya kila pigo. Vagasi haikamilishi kazi yake mwezi wa Novemba ikapumzika.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililo karibu zaidi na kila mtu. Mara nyingi hasira hutushukia kabla hatujaamua. Neno linasemwa, na moyo umekwisha kuruka. Neva za simpathetiki hazikuomba ruhusa. Je, tuna lawama kwa mruko huo? Sidhani. Ni sawa na kumlaumu mtu kwa kushtuka radi inapopiga. Moyo wa mtu mwema huruka, na wa mtu mwovu huruka. Kinachotutenganisha ni kile kinachofuata, katika zile sekunde kadhaa kabla mchocheo haujafika kileleni, ambapo kizuizi kimekwisha kuwahi. Katika nafasi hiyo ndogo mtu huweza kuvuta pumzi na kuitoa. Akishaitoa, ana haki ya kunyamaza, lakini awe ananyamaza kama anyamazavyo mtu anayetafuta neno, na neno likipatikana alipeleke kwa mwenyewe.

Watu wa pwani tumepewa lugha yenye adabu nyingi, na kwa adabu hizo twaweza kumwambia mtu jambo zito pasi na kumvunjia uso. Ni mali ambayo wengine hawana. Lakini tumeitumia zaidi kufunika kuliko kufunua, na wengi wamezikwa na machungu ambayo yangekwisha kwa jioni moja ya kusemezana. Wazee wa Rungwe walilitimiza hilo kwa maji ya mdomo mmoja na watu wawili waliokubali kukaa pamoja, kila mmoja akisema lake na kusikia la mwenziwe. Maji tunayo. Aliye na ndugu anayempa salamu kamili kila asubuhi na asizungumze naye, basi kesho asiishie kwenye salamu.